Waya wa kopa unanipa jibu la ajabu, naombeni msaada

Ticha_Pasua
Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Moshi. Kifaa cha kupimia moduli ya Young (kipimo cha jinsi kitu kilivyo kigumu kuvutika) hatuna, nikaenda kwa fundi anayerewaindi mota akanipa waya wa kopa, yaani shaba. Nimening'iniza mita 2 kwenye kenchi ya darasa, chini nikafunga mawe ya mzani, kilo 1.5. Maikromita inasoma 0.44 mm. Waya ukavutika 5 mm. Nikikokotoa napata paskali 3.9 × 10^10, wakati shaba ni kama 1.2 × 10^11. Nilipotoa mzigo zilirudi 2 mm tu, 3 mm zikabaki. Wanafunzi wameniuliza kosa liko wapi nikakosa la kuwaambia, na kesho asubuhi nina kipindi nao.

FundiMota
Mwalimu, hiyo kopa ina vanishi, umeipima pamoja na waya. Piga msasa laini kwenye ncha mpaka wekundu utokee, ndipo upime. Usichome na kiberiti, kopa ikipata moto inalegea.

Mama_Vipimo
Fundi kasema kweli, na kipenyo kinapigwa kipeo cha pili, kwa hiyo kosa dogo linakua. Ila kubwa ni hizo 3 mm. Waya umepita kikomo cha unyumbufu, yaani haurudi tena urefu wake wa mwanzo, hapo sheria ya Hooke (mvutiko huenda kwa uwiano na mzigo) haipo tena. Kinachohesabiwa ni kile kinachorudi. Weka 2 mm kwenye kanuni uone. Siku nyingine panda kwa gramu 100 100, soma ukipandisha na ukishusha, chora grafu uchukue mteremko wa pale iliponyooka. Mizigo ya mwanzo hunyoosha mikunjo tu.

Kijana_Sakina
Shikamoo mwalimu. Kenchi nayo inapinda kidogo. Ning'iniza waya wa pili palepale, rula uifunge kwenye huo. Kenchi ikishuka zinashuka zote mbili, tofauti haiguswi. Sisi tulifanya hivyo huku Arusha.

Ticha_Pasua
Marahaba kijana. Wakuu, nimepiga msasa sasa hivi kwa tochi ya simu: 0.40 mm! Nimeweka na zile 2 mm, imetoka 1.17 × 10^11. Nimerudia hesabu mara tatu, mikono inatetemeka. Kesho naingia na waya uleule uliovutika, waushike wenyewe. Sasa nataka chuma cha pua nilinganishe, nyuzi za gitaa kwa hapa Moshi zinapatikana wapi?

FundiMota
Zile nyembamba zisizosokotwa ni chuma cha kawaida kigumu, si cha pua, na zinafaa zaidi. Ninayo moja, pita asubuhi kabla ya kipindi.