Swichi smati: nipitishe waya gani kabla ukuta haujapigwa plasta?

kijana_fuoni
Assalaam alaykum jamaa. Tunaitengeneza nyumba ya marehemu babu hapa Fuoni, vyumba vinne na ukumbi, plasta ya zamani tumeshaibandua yote na fundi umeme anaanza Jumatatu kukata mifereji ya mabomba ya waya. Mie nataka swichi smati za taa na feni, na pampu ya kisima niiwashe kwa simu, maana bi mkubwa magoti yanamsumbua na kila tangi likifurika yeye ndo anakwenda nje kuzima. Fundi anasema hayo ya baadae, nikishanunua vifaa atakuja kuvifunga tu. Kweli au ananituliza?

fundi_chake
Waalaykum salaam. Usikubali yakhe. Fungua swichi moja ya zamani utazame nyuma, naona utakuta waya mbili tu, moja inaleta moto na moja inaupeleka kwenye taa, nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, imebaki juu darini haishuki. Sasa swichi smati inakula umeme saa zote hata taa ikiwa imezimwa, kwa hiyo inataka nyutro yake. Zipo zisizotaka nyutro, lakini hizo zinapitisha umeme kidogo kwenye balbu yenyewe, ukiweka LED ndogo ya wati 5 inaweza kukukonyeza usiku kucha kama kimulimuli. Mwambie kila boksi ya swichi ishuke laivu yaani waya wa moto, nyutro, na ethi yaani waya wa ardhini, hata chumba ambacho leo hukifikirii. Na boksi ziwe za kina cha mm 47, zile za 25 utasukuma waya mpaka ukate tamaa.

Feni usiiweke kwenye dima ya taa, ile swichi ya kupunguza mwanga, itanguruma. Pampu ndo kabisa, usiifunge moja kwa moja kwenye swichi smati hata ikiwa imeandikwa 16A, mota ikianza inavuta mara kadhaa ya ile inayotumia ikishakolea, siku moja vile vyuma vya ndani ya swichi vinagandana na pampu haizimi tena, simu yako inakwambia imezima huku maji yanamwagika. Weka kontakta, ile swichi nzito ya sumaku ya kuwashia mota, swichi smati iamrishe kontakta. Na floti ya tangi, lile boya linalozima pampu maji yakijaa, iwepo vile vile.

bint_mkunazini
Hapo kwenye nyutro fundi_chake kasema kweli, sie yametukuta. Tupo Mji Mkongwe, ukuta wa mawe na chokaa una unene wa dhiraa nzima, kuchimba tena hatukuweza, tukaona tununue balbu smati basi yaishe. Mama mkwe wangu kila akitoka chumbani anazima ukutani kama alivyozoea miaka yote, balbu inakosa umeme, mie kwenye simu naambiwa haipatikani. Tena siku umeme umekatika ukarudi saa tisa za usiku, balbu zote sita zikawaka kwa nguvu zote, watoto wakaamka wanadhani kumekucha 😂 Baadae nikaona kwenye programu kuna pahala pa kuchagua umeme ukirudi balbu ibaki imezima, lakini si balbu zote zinayo.

Jengine waifai. Kwetu ruta iko ukumbini na juu haifiki kitu. Kaka, ukuta wako ndo uko wazi sasa hivi, pitisha kebo ya mtandao ya Cat6 mpaka ukumbini na vyumbani, bomba lake peke yake usilichanganye na la umeme. Na uache mabomba mawili matatu matupu yenye mshipi wa kuvulia ndani, ukitaka kuvuta waya siku za mbele unaufunga hapo unavuta.

kijana_fuoni
Ahsanteni sana. Nimefungua swichi ya chumba cha bi mkubwa mbele ya fundi mwenyewe, waya mbili, zote nyekundu. Kanyamaza kidogo kisha kasema basi aongezewe roli mbili za waya wa 1.5. Floti nilikuwa sikuifikiria kabisa, na bi mkubwa keshauliza huo mshipi tunakwenda kuvua wapi.