Visima vya Likoni vimepelekwa Hispania na nimefokewa MIMI

Mvita37M

Wana jukwaa, salamu baadaye. Nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono yatetemeka, na nisipoandika nitapasuka.

Mwamjua. Simtaji, wala hana haja ya kutajwa. Yule wa kalamu nne mfukoni mwa shati na hakuna hata moja iandikayo. Yule ambaye akikuona na kompyuta husema "hebu sogea nikuoneshe", ukisogea umekwisha. Huyo huyo. Leo kanivunjia heshima mbele ya wazee wa mtaa, mbele ya wageni, mbele ya mama wa chai, tena na kipaza sauti mkononi.

Kisa chenyewe ni visima. Vijana wetu wamezunguka Likoni na Mtongwe na GPS, jua la utosi, kila kisima na longitudo yake na latitudo yake. Faili ikaja safi kabisa. Bwana mkubwa akaifungua Excel, akakunja uso, ati haipendezi, latitudo ndiyo hutangulia, dunia nzima yafanya hivyo. Akazihamisha namba. Vichwa vya safu, X na Y, akaviacha pale pale! Sasa X imebeba latitudo, Y imebeba longitudo, na QGIS, ile programu ya ramani, ikiona safu zimeandikwa X na Y hujichagulia yenyewe, haimuulizi mtu hali.

Likoni iko nyuzi 4 na ushei kusini, 39 na ushei mashariki. Zigeuze hizo namba uone, maana kusini na magharibi zote huandikwa kwa alama ya kutoa. Zakupeleka nyuzi 39 kaskazini na 4 magharibi, yaani Hispania, kusini kidogo ya mji wa Toledo. Projekta ikawaka, ramani ikafunguka, wazee wakakaza macho, na ukutani visima vyote vya Likoni vimejipanga Hispania.

Ndipo akashika kipaza sauti. "Kijana, wazee hawa wakachote maji Hispania?"

Ukumbi mzima chini. Kuna mzee alicheka mpaka akavua kofia. Mama wa chai aliweka birika mezani apate nafasi ya kucheka vizuri. Hata kiyoyozi, wallahi, nilikisikia kikicheka.

Someni tena. Aliyegeuza namba ni YEYE. Aliyesema "wazee hawa wakachote maji Hispania?" ni YEYE. Na alivyonigeukia na lile tabasamu la mtu aliyemaliza kazi! Kijana! Nina watoto wawili na ndevu zimeanza mvi, naitwa kijana.

Na huyu ndiye aliyefuta zile prj, vifaili vinavyoiambia programu ramani yatumia mfumo gani wa vipimo. Mwakumbuka. Alisema diski imejaa, "vifaili hivi vidogo vidogo ni uchafu", akazoa kila kilichoishia na .prj. Leya (matabaka ya ramani) za kaunti nzima, Changamwe mpaka Kisauni, zikabaki namba tupu, hazijui zapimwa kwa mita au kwa nyuzi. Nani alikesha akizirudishia moja moja? Si yeye, yeye alikuwa harusini.

Sitafuti ushauri. Nataka tumseme.

Kibokoni_Chini

Mwache mzee wa watu, aliwatafutia wananchi maji ya Ulaya.

SautiYaChangamwe

Visima vimepata viza kabla yako 😂😂

PimaPima

Mtoa mada, tuliza moyo. Tatizo lako ni dogo na dawa yake ipo. Ukiingiza faili ya CSV, yaani lile jedwali lako, lile dirisha lina sehemu mbili, X na Y, unachagua mwenyewe kwa mkono safu ipi iende wapi. X ni longitudo daima. Mfumo wa vipimo ni EPSG:4326, ule wa nyuzi. Ukitaka mita, unaihamisha leya yote kwenda EPSG:32737, ule wa mita wa huku kwetu, kwa kuisafirisha upya. USIENDE kwenye leya ukabadilisha jina la mfumo tu. Hapo umebandika lebo mpya kwenye chupa ile ile, namba ndani hazijasogea hata nukta. Nusu ya vilio ninavyosikia vya ramani kuhama vyatokana na hilo. Halafu angalia kama GPS za vijana hazikuwekwa Arc 1960, ule mfumo wa zamani, maana zile karatasi za zamani za 1:50,000 ziko Arc 1960 na tofauti yake na WGS84, mfumo wa kawaida wa GPS, hapa kwetu ni kama mita 300. Kisima cha Likoni ukingoni kitaonekana kimesimama katikati ya mkondo wa feri.

Mvita37M

Nimesema sitafuti ushauri.

Ila hiyo ya mita 300 tutaongea inboksi.

NdovuWaBara

Lakini kaka, si ungeifungua hiyo ramani kabla ya mkutano? Dakika moja tu ungeona iko Ulaya.

Mvita37M

NILIIFUNGUA. Asubuhi ilikuwa Likoni, imetulia. Nimekwenda kuswali adhuhuri, narudi, kitini pangu kuna kalamu nne, projekta imeshawaka na faili imeshasevuliwa. "Nimekupangia," ananiambia. Kunipangia! Halafu aulize wazee wakachote maji Hispania!

TangaLine

Mkuu, pole, lakini wewe afadhali umefika kwenye nchi yenye watu. Sisi huku kuna kiongozi mmoja alichagua UTM (mfumo wa mita) 37N, ya kaskazini ya ikweta, badala ya 37S, ya kusini. Kusini ya ikweta namba za mita za kaskazini-kusini huongezwa milioni 10, kwa hiyo Tanga inasoma milioni 9 na laki 4 na kitu. Ukiiambia programu kuwa hiyo ni 37N, inazihesabu zote kutoka ikweta kwenda juu. Mashamba ya mkonge yakatua Bahari ya Aktiki, nyuzi 5 tu kutoka Ncha ya Kaskazini. Kiongozi akatazama pale peupe, akasema, "Naona mvua zimekuwa nzuri."

Kibokoni_Chini

😂😂😂 Mvita37M, umeshindwa. Rudi Toledo.

BiMsafi

Nyinyi mwacheka, mimi nalia. Watu wazima, wana vyeti, wanitumia shepufaili ya ramani kwa WhatsApp na ni .shp peke yake. Nikiuliza dbf iko wapi, "dada, si nimekutumia?" Shx je? "Hiyo ni virusi?" Shepufaili ni ukoo, haiji mtu mmoja! Na hata ikija kamili, ile dbf yake, yenye jedwali, hukata majina ya safu yakabaki herufi 10. Nilipokea takwimu zilikuwa na idadi_ya_kaya na idadi_ya_kuku. Zote mbili zikawa idadi_ya_k. Programu ikaona majina yamegongana, ya pili ikaibatiza idadi_ya_1. Sasa ipi watu, ipi kuku? Mtaa wangu mmoja mpaka leo sijui.

RasKisauni

Tumieni GeoPackage (.gpkg) mpumzike. Faili moja, majina marefu utakavyo.

BiMsafi

RasKisauni, yule wa kwangu akiona .gpkg husema haifunguki kwenye simu yake.

RasKisauni

Basi kumbe ni yule yule? Kalamu nne?

BiMsafi

Sitaki kesi.

RasKisauni

Ndiye! Sasa na mimi niseme. Huyu alitaka bafa, yaani duara, ya mita 50 kuzunguka vituo vya matatu. Nikamwambia leya iko EPSG:4326, kipimo chake ni nyuzi, ngoja kwanza niihamishe. "Mwanangu, mimi nimeanza kazi hii hujazaliwa." Akaandika 50, akabonyeza. Kituo cha Mwembe Tayari peke yake kilimeza Cape Town, Cairo na Mumbai. Duara moja! Akalitazama weee, akasema programu hizi za bure ndizo shida yake.

Mvita37M

Ahsante RasKisauni. Mwaona sasa? Mwaona? Na huyo ndiye kanishikia kipaza sauti. "Wazee hawa wakachote..."

AliyekuwaPale

Nilikuwepo. Mtoa mada hajawaambia alijibu nini.

SautiYaChangamwe

Alijibu nini?

AliyekuwaPale

"Samahani mzee, tutarekebisha." Basi. Kisha akawa anachezea waya wa projekta mpaka ikazima, tukakaa gizani na chai ikapoa.

Kibokoni_Chini

Simba wa jukwaani, paka wa kikaoni 😂

Mvita37M

AliyekuwaPale, wewe ndiye ulovua kofia?

AliyekuwaPale

Kofia nilivua kwa joto. Kiyoyozi chenu hakifanyi kazi.

PimaPima

Naongeza tu kwa faida ya wasomaji: akikuletea mradi wa QGIS, faili ya .qgz, kwenye fleshi na leya zote zagoma kufunguka, ni kwa sababu ile faili hubeba njia za kufikia data, data yenyewe imebaki D: ya nyumbani kwake. Na poligoni (maumbo ya maeneo) zikikataa kukatana, endesha kwanza kifaa cha kurekebisha jiometri, huenda mipaka imejipinda ikajikata yenyewe...

SautiYaChangamwe

PimaPima, nani alikuuliza.

BiryaniExpress_Tudor

Nyinyi nyote mna raha, mnakaa kwenye viti. Mimi napeleka chakula na pikipiki. Mteja wa juzi kanitumia pini, naifuata, yaniambia nimefika, natazama mbele ni maji ya Tudor. Napiga simu: "Uko wapi?" "Niko nyumbani, we uko wapi?" "Niko kwako." "Mbona sikuoni?" Tumejibizana hivyo mpaka wali umeganda. Kumbe aliitupa pini akiwa ndani ya nyumba, GPS haijashika satelaiti sawasawa, naye hakuitazama. Na nyota moja nikapewa mimi.

NdovuWaBara

Hiyo ni mbaya zaidi, Toledo hakuna aliyekosa chakula.

Mvita37M

Jamani. Uzi huu una mwenyewe.

Kibokoni_Chini

BiryaniExpress, ni biryani ya kuku au mbuzi?

BiryaniExpress_Tudor

Zote mbili. Ya mbuzi ni Ijumaa tu.

TangaLine

Mkuu, hiyo biryani wali na rojo vinakuja pamoja au mbalimbali?

BiryaniExpress_Tudor

Mbalimbali, bila shaka. Wali kivyake, masala kivyake, kachumbari na ndimu. Ukivuruga vyote sufuriani hiyo si biryani ya Mombasa.

TangaLine

Tanga tunavuruga na tunashiba.

AliyekuwaPale

Haramu.

BiMsafi

Tanga mwapika pilau mwaita biryani, hilo twalijua miaka mingi.

TangaLine

Dada, umeshindwa kutofautisha watu na kuku, leo unanifundisha wali?

SautiYaChangamwe

😂😂😂😂 BiMsafi lala.

Mvita37M

Mbele ya WAGENI. Na kipaza sauti.

RasKisauni

BiryaniExpress, Kisauni wafika? Niko karibu na soko la Kongowea kwenye kazi mpaka saa kumi.

BiryaniExpress_Tudor

Kongowea nafika, Changamwe pia, nauli yaongezeka kidogo. Ila tuma maelezo kwa maneno: msikiti, duka, rangi ya geti. Pini siitaki.

AliyekuwaPale

Mbuzi mbili za Ijumaa. Geti la kijani, mkabala na fundi baiskeli. Uliza mzee wa kofia.