Kutenga bahari kwa vizimba vya samaki: leseni ipimwe kwa kizimba kimoja kimoja au kwa ghuba nzima?

Wakuu, kila serikali yoyote inapotangaza kutenga maeneo ya pwani kwa ajili ya ufugaji wa samaki kwenye vizimba, yaani nyavu kubwa zinazoelea zikiwa zimefungwa kwa nanga, mjadala unagawanyika pande zilezile mbili. Kuna wanaosema bahari ni ya wote isigawiwe mtu, na kuna wanaosema leseni zitoke haraka watu wapate kazi. Mimi wote nawaelewa lakini naona wote wanaruka swali lenyewe, ngoja niliweke hapa tulijadili.

Kwanza kutenga maeneo mimi naunga mkono, nalisema mapema lisije likanishika baadaye. Bahari isiyopangwa haibaki ya wote, inakuwa ya aliyewahi kufika na mtaji. Anatafuta ghuba iliyojikinga na mawimbi, ambayo ndiyo hiyohiyo wavuvi wadogo wanakimbilia siku za upepo, anashusha nanga, na nyie mkija kushtuka mnaambiwa uwekezaji tayari upo na watu wameshaajiriwa.

Tatizo langu ni leseni inavyopimwa. Sehemu nyingi maombi yanasomwa moja moja, kila mwombaji ana ripoti yake ya mazingira, kila ripoti inasema athari ni ndogo, na inawezekana kabisa kila mmoja wao anasema kweli. Lakini kumi wakipita hivyo kwenye ghuba moja, maji ni yaleyale. Uchafu wa kizimba cha juu ya mkondo ndio unaoenda kuvutwa na samaki wa kizimba cha chini, na ugonjwa unasafiri njia hiyohiyo.

Mtu akitaka kuelewa aende pale alfajiri, siyo saa nne mchana wakati wageni wanatembezwa. Usiku mwani mdogo wa majini hautengenezi oksijeni, unaitumia, na samaki nao wanaitumia, kwa hiyo karibu na mapambazuko ndo oksijeni inakuwa chini kabisa. Maji yakiwa yamesimama, hayapandi wala hayashuki, utaona samaki wamejazana juu midomo wazi. Halafu chota tope chini ya kizimba kilichowekwa mahali mkondo ni mdogo: jeusi tii, linanuka yai viza, na juu yake kuna utando mweupe wa bakteria. Hilo ni kinyesi na chakula kilichobaki kwa misimu kadhaa bila eneo kupumzishwa, yaani kuachwa bila samaki kwa muda. Sasa huyo mwenye leseni hakuvunja sharti lolote, idadi ya vizimba ni ileile aliyoombea, ila hakuna aliyeuliza ghuba yenyewe inabeba kiasi gani.

Chile walilipia somo hili. Vituo vya salmoni vilisongamana karibu karibu kule kusini, na mwaka 2007 ugonjwa wa virusi unaoitwa ISA ulipoingia maeneo ya kisiwa cha Chiloé ukaruka kutoka kituo kwenda kituo, uzalishaji wa salmoni wa Atlantiki ukaporomoka na maelfu ya watu wakakosa kazi. Wale wanaotetea leseni za haraka kwa sababu ya ajira naomba waliangalie hili taratibu, ajira zile ziliondoka kwa sababu ya msongamano, mwanamazingira hakuhusika. Baada ya hapo ndo wakaanza kupanga vituo kwa makundi ya jirani yanayopumzisha maji kwa pamoja, na sheria ya 2010 ikasema haki mpya ya kutumia eneo ni miaka 25, wakati zamani ilikuwa haina mwisho. Zile za zamani lakini zikabaki hivyohivyo bila mwisho, ndiyo maana nasema ukikosea mwanzoni kurudi nyuma ni kazi kweli.

Norwei wamefanya kitu ambacho mimi nakipenda ingawa hakijakamilika. Leseni yao haihesabu vizimba, inahesabu uzito wa samaki walio hai majini, leseni ya kawaida ni tani 780. Na tangu 2017 pwani yao imegawanywa maeneo 13 yenye mfumo wa taa kama za barabarani, kinachoangaliwa ni chawa wa salmoni, vijidudu vinavyong'ang'ania ngozi ya samaki, wanavyoua salmoni wachanga wa porini. Kijani unaweza kuongeza, njano unabaki ulipo, nyekundu eneo zima linaweza kupunguziwa asilimia 6. Wafugaji wa eneo jekundu walilalamika mpaka mahakamani kwamba mtu anaadhibiwa kwa chawa wa jirani, na malalamiko hayo nayaona yana uzito. Lakini njia nyingine ni ipi jamani, maji hayana ukuta, ukimpima kila mtu peke yake unarudi kulekule kwa ripoti kumi zinazosema athari ni ndogo.

Wavuvi sasa. Kwenye ramani kizimba ni kiduara kidogo, afisa anakuonyesha kwa kalamu anasema oneni, bahari yote hii imebaki. Asichokuonyesha ni kamba za nanga, ambazo zinatandazwa chini kila upande mbali sana kuliko duara lenyewe, na mvuvi wa nyavu akipita pale zana zake zinabaki huko. Tena kuna umbali wa kisheria, Norwei kwa mfano huruhusiwi kuvua ndani ya mita 100 za kituo. Kwa hiyo mnaposema wavuvi walishirikishwa mimi nauliza walionyeshwa ramani gani, ya maduara au ya kamba? Na waliitwa kabla mstari haujachorwa au walikuja kusomewa? Chile wana sheria ya 2008 inayoruhusu jamii za wenyeji asilia kuomba eneo lao la pwani, na ombi likiwa linashughulikiwa maombi mengine ya eneo hilo yanasimama kwanza. Kampuni zinalalamika kwamba inachelewesha. Kwangu kuchelewa huko ndiyo faida yake.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita, kwamba benki haikopeshi mtu mwenye leseni fupi, na vizimba, boti, vifaranga na chakula ni hela nyingi kabla hujauza samaki hata mmoja. Kweli. Ndiyo maana sisemi miaka miwili mitatu, hata 20 sawa, ila iwe na tarehe ya mwisho na isigeuke mali ya kurithishana na kuuziana. Jimbo la Washington kule Marekani kizimba kimoja kilivunjika karibu na kisiwa cha Cypress Agosti 2017, uchunguzi wa serikali ukakuta nyavu zilikuwa zimeelemewa na kome na viumbe vingine vilivyoachwa bila kusafishwa, na salmoni zaidi ya laki mbili wa jamii isiyo ya bahari ile wakatoroka. Mwaka 2022 serikali ikakataa kuongeza mikataba iliyobaki ya kupangisha bahari, na iliweza kwa sababu ilikuwa mikataba ya upangaji yenye mwisho wake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba ghuba ipimwe kwanza yote, kina, mkondo, oksijeni ya alfajiri, itajwe jumla ya tani inazobeba, na leseni zitoke ndani ya jumla hiyo tu, ikijaa imejaa hata mwombaji awe nani. Mnaosema upimaji huo ni gharama na utafukuza wawekezaji, nileteeni hapa mfano wa ghuba moja iliyojazwa leseni za moja moja halafu ikapunguziwa mzigo kabla samaki hawajaanza kufa.