ALIPIGA HONI. Mbele ya ndege. HONI!

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira hadi vidole vinakosea herufi.

Mnamjua. Simtaji, akitajwa atafurahi. Yule yule wa "ratiba niachieni mimi". Safari ya kuangalia ndege, tunajiendesha wenyewe: msitu, nyika kavu, bwawa la matete, mwisho ufukwe wa tope. Sehemu nne kwa sababu ndege wa msituni humkuti nyikani hata umbembeleze. Kigumu hapo nini?

Akachukua ramani, akapima kilomita, akapigia hesabu ya mwendo wa barabara kuu. Basi! Hakukumbuka kwamba gari la watazama ndege linasimama kila kinapopita kitu chenye manyoya. Msituni tumeingia saa sita mchana, ndege wameimba alfajiri wakamaliza, tukaangalia majani. Majani mazuri, sikatai. Nyikani tumefika usiku, wakati tai anangoja jua lipashe hewa moto ndipo apande nayo. Tukaangalia giza.

Hayo nimesamehe. HONI SIJASAMEHE.

Leo asubuhi, bwawani. Kuna ndege wa jamii ya korongo, akihisi anatazamwa ananyoosha mdomo juu na kuganda, upepo ukipita anayumba pamoja na matete. Unamtazama na humwoni. Mimi nilimwona. MIMI! Injini imezimwa, tumo ndani kimya, maana gari ndege wanalivumilia kuliko mtu wa miguu. Nikanong'ona, "Pale, kushoto kwa tete lililovunjika." Wenzangu wanainua darubini taratibu. Bwana huyu akauliza, "Mbona hatembei?" Halafu PIIIIIIII.

Honi. Ya gari. Bwawani. Alfajiri.

Bwawa zima likapaa. Wengine nadhani wamehama bara. Nikamgeukia, akanijibu bila hata kupepesa: "Nimekusaidia, akiruka unamwona vizuri." NIMEKUSAIDIA! Naandika haya nikiwa siti ya nyuma. Yeye anaendesha na anapiga mluzi.

Matope Magotini: "Mbona hatembei" 😂😂 Mkuu, mpe na filimbi.

Kobe Mwendokasi: Picha iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mleta uzi: Picha ninayo. Ya matete.

Bundi wa Zamu: Nani alimkabidhi funguo na ratiba kwa mpigo? Una kesi ya kujibu.

Mleta uzi: Sikuja hapa kuhojiwa. ALIPIGA HONI.

Maji Kupwa: Namjua! Sisi alitupeleka ufukweni maji yamekupwa kabisa, vitwitwi, vile videge vya pwani, wakawa nukta kule mbali. Ratiba yake iliandika "saa nne" kila siku, utadhani bahari inavaa saa. Maji kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, na ukiwahi yanapoanza kujaa yanawasukuma ndege hadi karibu yako. Nilimwambia. Akasema bahari haiendi popote.

Mwana Nyika: Nyie mliona nukta, mshukuru. Sisi alitupangia mwezi wa sita, vitwitwi wengi wako kaskazini huko hadi Aktiki wanalea. Tuliona tope, na kaa mmoja.

Siti ya Mbele: Honi mara moja ni afadhali. Njooni msafiri na watu wa spika. Anapiga rekodi ya mlio mfululizo, dume anaacha shughuli zake anakuja kupigana na simu.

Sauti Juu: Mara moja mbili kuna ubaya gani? Msitu mnene bila spika utaona nini?

Siti ya Mbele: Utasikia. Masikio umeyaacha nyumbani?

Sauti Juu: Wewe mwenyewe jina lako linajieleza. Kukaa mbele safari nzima ndiyo dhambi kubwa kuliko spika.

Bundi wa Zamu: Hapo umenena. Safari yetu mmoja alikaa mbele hadi mwisho, hana darubini, na alilala.

Mleta uzi: Jamani, honi...

Kobe Mwendokasi: Nje ya mada kidogo: kile kimfuko cha kuegemeza kamera dirishani, mnajaza mchele au maharage?

Matope Magotini: Maharage.

Mwana Nyika: Mchele. Maharage yanapiga kelele ukigeuza kamera.

Maji Kupwa: Mchele ukinyeshewa unavunda hadi mnaliuza gari. Maharage.