Naombeni ushauri: hadithi ya Sungura na asali inaishia wapi?

Habari za saa hizi ndugu zangu, naombeni msaada.

Idi hii wajukuu wote wanakusanyika kwa mama, na mimi nimetwishwa kazi ya kuwatolea hadithi. Zamani ilikuwa kazi ya bibi: anakaa mkekani na sahani ya kashata za nazi, anasema "Paukwa!", na asiyeitikia "Pakawa!" hapati kipande. Aliyoipenda ni ya Sungura kula asali ya Simba juu ya mbuyu. Simba anamkamata. Sungura anamwambia, nyama yangu ngumu, nishike mkia unizungushe kwanza, kisha unibwage chini. Simba anazungusha weee, mkia unamponyoka, mwenzake huyoo!

Hapo ndipo nimekwama. Mama anasema imeishia hapo. Mama mdogo anabisha, ati Simba alikwenda kujificha nyumbani kwa Sungura. Sungura akaona nyayo, akaita, "Hujambo, nyumba?" Kimya. Akasema, leo kuna nini, mbona kila siku huniitikia? Simba akajibu mwenyewe, "Sijambo!"

Nimewakutanisha kwenye simu, wakaishia kugombana (tena kuhusu kashata, si hadithi).

Kwenu hizi mnaziunganisha au ni hadithi mbili? Na mtoto wa miaka 5 akiuliza mbona mwizi wa asali hakuadhibiwa, mnamjibuje? Wangu ameshaniuliza, nikajifanya nimepaliwa.