Kikundi cha Nyumbani Pasua: injini ya Toyota Carina

*Ijumaa, saa 1 jioni*

Godi: Shikamooni wakubwa. Injini imefika kutoka Dar, aina ya 5A-FE, imefungwa nailoni juu ya paleti. Kesho asubuhi tunaitoa ile ya zamani kwenye Carina, hapa hapa uani. Bamdogo Elia atatuongoza humu kikundini.

Mama: Marahaba. Uani upande upi? Kule nyuma kuna mchicha wangu.

Godi: Mbele ya banda, Mama. Bustani hatugusi.

Dada Anna: Kwani gereji zimeisha Moshi nzima?

Baba: Gari haitembei Anna. Rejeta ilitoboka Kikatiti, dereva akaendelea nayo hivyo hivyo mpaka Boma Ng'ombe. Injini imenoki. Kuivuta tu ni hela, bado fundi hajagusa spana.

Bamdogo Elia: Shikamoo Kaka, shikamoo Shemeji. Nyumbani inawezekana kabisa. Injini zimefungwa chini ya miembe nchi hii tangu nikiwa mtoto. Ila tukubaliane: haraka hakuna. Godi, kabla hujagusa ya zamani, ikague hiyo mpya. Fungua kifuniko cha oili, ukigeuze uone chini yake.

Godi: Kisafi. Kuna weusi kidogo tu wa oili.

Bamdogo Elia: Vizuri. Ungekuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yalishaingia kwenye oili, ungeirudisha leo leo. Sasa acha plagi zikiwa zimefungwa, weka soketi kwenye bolti ya puli ya chini, zungusha polepole kuelekea saa inakoenda. Silinda ni 4, kwa hiyo kila mzunguko mmoja mkono unatakiwa kuzuiwa mara 2.

Godi: Inazuia, inaachia, inazuia tena. Haikwaruzi popote.

Bamdogo Elia: Basi iko hai. Kipimo cha kompresheni, yaani ule mbano wa hewa kwenye silinda, tutakiweka ikishafungwa, maana stata inakaa kwenye giaboksi. Risiti ya muuzaji mpe Mama aitunze.

Babu: Ule mparachichi unatosha kuning'iniza. Tawi la upande wa barabara ni nene.

Bamdogo Elia: Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote Mzee, mparachichi hapana. Mti ule hukatika ghafla bila kulia. Injini peke yake inapita kilo 100, na vijana watakuwa wameinama pale pale. Kenchi za banda nazo hapana, zile zilipigwa kwa ajili ya kubeba bati.

Babu: Marahaba. Sawa, wewe ndiye fundi.

Shangazi Rose: Jirani yangu mchomeleaji ana mapaipu matatu marefu ya chuma, ndiyo anayotumia kuinulia pampu za visima. Nimwombe?

Bamdogo Elia: Hayo ndiyo yenyewe Dada. Na winchi ya cheni ya tani 1. Godi, kila mguu wa paipu ukae juu ya ubao, halafu miguu yote mitatu uizungushie cheni chini isitanuke. Udongo wa Pasua ukilowa unadanganya.

*Jumamosi, saa 3 asubuhi*

Godi: Betri nje, tumeanza na hasi. Boneti tumeifungua kabisa.

Bamdogo Elia: Rudisha betri kwanza. Chomoa rilei ya pampu ya mafuta, piga stata kidogo presha iishe kwenye paipu, ndipo uikate betri tena. Petroli ya hizi gari inakaa na presha hata gari ikiwa imezimwa. Asiwepo mtu na sigara.

Godi: Tayari. Maji ya rejeta tunamwaga.

Bamdogo Elia: Kwenye beseni! Hayo maji ni kuleni, ina utamu, mbuzi na mbwa wanainywa, na inaua figo. Shangazi fungia mbuzi. Oili nayo iende kwenye dumu, tone lisifike mfereji.

Mama: Asante Elia. Hilo nilitaka kulisema nikaona nitaambiwa naingilia kazi.

Bamdogo Elia: Kompresa ya AC na pampu ya stelingi msifungue paipu zake. Fungua bolti za kushikilia tu, uzifunge pembeni kwa kamba. Wengi wanazikata, halafu wanatafuta gesi wiki nzima. Kila soketi ya waya unayochomoa bandika plasta, uandike kwa kalamu. Piga na picha.

Godi: Giaboksi inabaki, si ndiyo?

Bamdogo Elia: Inabaki. Iegemeze kwa jeki na ubao. Bolti 6 za konveta, lile bakuli linalounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, uzitoe kwa chini, unazungusha injini moja moja mpaka zote zipite. Zikisahaulika, injini itatoka na konveta, na haidroliki yote, oili ya giaboksi, mtaoga.

*Jumamosi, saa 8 mchana*

Godi: Imetoka!! Picha hiyo hapo. Tumesukuma gari nyuma, injini imebaki inaning'inia.

Baba: Mungu mkubwa.

Bamdogo Elia: Ishusheni kwenye tairi, isining'inie bure. Hakuna kupita chini yake, hata kuokota spana. Anna, uko hapo?

Dada Anna: Nipo Bamdogo.

Bamdogo Elia: Nisikilize. Injini mpya iko nje, kila kitu kinafikika. Taiming belti, pampu ya maji, thamostati na sili ya nyuma ya kranki, ile shafti inayozungusha puli, vibadilishwe sasa. Sili ile ni mpira mdogo tu, lakini ikivuja injini ikiwa ndani, kazi yote ya leo inarudiwa. Na rejeta mpya ni lazima. Nimeona watu wengi wananunua injini halafu wanarudisha rejeta ile ile iliyoua ya kwanza. Kama hela inabana, heri gari ikae juu ya mawe mwezi mmoja.

Dada Anna: Nimeelewa. Rejeta na belti natuma sasa hivi kwa simu ya Mama. Pampu na sili Baba amalizie.

Baba: Nimekubali.

*Jumamosi, saa 12 jioni*

Godi: Bamdogo, injini imeingia lakini haikai. Imebaki nafasi kama kidole kati yake na giaboksi. Vijana wanasema tukaze bolti, itajivuta yenyewe.

Bamdogo Elia: SIMAMENI. Bolti zisikazwe hata robo. Kama imekazwa, legeza. Napiga simu.

Bamdogo Elia: Naandika na hapa ili kila mtu aelewe. Mlipovuta injini mchana, konveta ilifuata mbele kidogo, meno yake yakatoka kwenye pampu ya haidroliki. Ukiikaza kwa bolti unaipasua ile pampu, na giaboksi imekufa leo leo. Rudisheni injini nyuma. Shika konveta kwa mikono miwili, isukume ndani huku unaizungusha. Lazima uisikie ikiingia, inashuka kwa hatua.

Godi: Imeshuka! Mara ya kwanza kidogo, halafu "tuk" nyingine. Sasa imezama ndani ya mdomo wa giaboksi, rula ukiweka juu haigusi.

Bamdogo Elia: Hapo sasa. Injini itakaa kwa mkono, bila nguvu. Konveta izunguke huru kabla hujafunga hata bolti moja.

Godi: Imekaa. Inazunguka huru kabisa.

Mama: Giza limeingia. Funikeni turubai, njooni mle. Kesho ibada kwanza.

*Jumapili, saa 9 alasiri*

Godi: Kila kitu kimefungwa. Oili, haidroliki na maji vipo.

Bamdogo Elia: Rilei ya mafuta itoe tena. Piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe rilei. Ikiwaka, hita weka ya moto kabisa, mfuniko wa rejeta wazi, uongeze maji hewa inavyotoka, mpaka feni ijiwashe yenyewe.

Godi: (sauti, sekunde 40)

Babu: Nimeisikia mpaka huku ndani. Imetulia hiyo.

Bamdogo Elia: Imetulia Mzee. Godi, kesho kompresheni, kisha mzunguko mfupi mpaka Majengo na kurudi, uangalie maji na chini ya gari. Himo na Arusha bado. Kaka, kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani. Nakili namba iliyogongwa kwenye bloku, chukua risiti kwa Shemeji, nenda TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe taarifa kabla gari haijaingia barabara kuu.

Baba: Jumatatu asubuhi niko pale.

Shangazi Rose: Mapaipu yarudi leo jamani, mwenyewe ana kazi kesho.

Godi: Tunayapakia sasa hivi Shangazi.