Mdogo wangu amevunjika mguu, nyumbani wanamkataza mayai na maharage. Nimlishe nini?

Dada_wa_Kadutu
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mdogo wangu wa miaka 19 aligongwa na pikipiki wiki nne zilizopita akitoka Nyawera, hapa Bukavu. Mfupa wa muundi ulivunjika, ngozi ikachanika, damu ikamtoka nyingi. Alitibiwa, akafungwa plasta ngumu yenye nafasi iliyoachwa wazi penye kidonda, na sasa tuko naye nyumbani hapa Kadutu.

Shida ni chakula. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wetu, amekataza mayai na maharage, anasema vinatia kidonda usaha. Kwa hiyo kijana anakula bugali wa muhogo na sombe (majani ya muhogo) kidogo mchana na usiku, akimaliza anapewa chai ya rangi yenye sukari nyingi. Matonge matatu tu, anasukuma sahani. Akienda na magongo hadi mlangoni anarudi amelowa jasho. Jana usiku nilipokuwa namgeuza nilimshika paja, likawa jembamba mkononi kama la mtoto. Nilitoka nje nikalia.

Kuna mtu anatuuzia chupa ya "dawa ya damu", bei yake inatulisha nyumba nzima siku tatu. Ninunue? Na shangazi nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Muforomo_Bagira
Pole sana dada. Mimi ni muforomo, yaani muuguzi, kazi yangu ya kila siku ni vidonda.

Usinunue chupa hiyo. Mpeleke kituo cha afya wampime damu kwanza. Aliyemwaga damu nyingi anaweza kuwa amepungukiwa kweli, lakini malaria na minyoo navyo vinamaliza damu, na kila kimoja kina dawa yake.

Usaha unaletwa na vijidudu vinavyoingia kidondani. Yai haliuleti. Yai moja lina protini karibu gramu 6, na protini ndiyo mwili unayoitumia kushona ngozi, nyama na hata mfupa. Bugali wa muhogo unampa nguvu ya kuamka, ila protini yake ni kidogo mno. Mwili ukiikosa kwenye sahani unaitafuta kwenye misuli. Kulala muda mrefu nako kunapunguza paja, kwa hiyo muulize daktari mazoezi anayoruhusiwa.

Chai msimpe pamoja na chakula. Inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini vizuri. Mngoje kama saa moja hivi.

Akipata homa, kidonda kikinuka, au vidole vya mguu vikiwa baridi, vikafa ganzi au kubadilika rangi, nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Mama_Sambaza
Mwanangu, mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapohapo Kadutu, njoo nikuoneshe. Chukua wale wakavu wadogo wasionuka uchachu. Wachambue mchanga, waoshe kwa maji mawili, wakaushe kwenye sufuria bila mafuta mpaka kichwa kikatike kwa vidole. Kisha watwange pamoja na karanga zilizokaangwa, uchanganye ndani ya sombe dakika za mwisho. Sambaza analiwa mzima na miba yake, na chokaa (kalsiamu) inayojenga mifupa iko humo. Shangazi hajakataza sambaza, sivyo? Basi anzia hapo, nyumba ibaki na amani.

Wazee wetu hawakumkuta samaki huyu Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo sijui tungekula nini bila yeye.

Baba_Nguba
Mimi nasema supu ya mifupa ya mbuzi. Mfupa unaponywa na mfupa. Tulilelewa hivyo.

Muforomo_Bagira
Baba, shikamoo. Supu mpeni, inamwongezea maji na hamu ya kula. Lakini chokaa inayotoka mfupani na kuingia kwenye maji ni kidogo sana. Nyama iliyoshika ule mfupa ndiyo aile, msimwachie mchuzi peke yake.

Nilivunjika_Paja
Dada, mimi nililala miezi mitano. Sahani kubwa inamkatisha tamaa mgonjwa. Mama yangu alinigawia mara tano kwa siku: asubuhi uji wa masoso (unga wa mahindi, mtama na soja), soja yake imekaangwa vizuri kabla ya kusagwa, saa nne avokado, na kuendelea hivyo. Sombe inachemka muda mrefu, na lazima ichemke kwa sababu ya sumu ya muhogo, lakini vitamini C inapotea humo. Kwa hiyo matunda ni ya lazima: mapera, papai, chungwa. Pera linalishinda chungwa kwa vitamini hiyo. Lengalenga, yaani mchicha, ipikwe haraka. Mtoeni barazani apate jua la asubuhi. Na kama anavuta sigara aache, zinachelewesha mfupa kuunga.

Dada_wa_Kadutu
Narudi baada ya siku tisa. Kipimo cha wingi wa damu kilikuwa 9, yaani imepungua, wamempa vidonge vya madini ya chuma. Shangazi nilimwomba atusindikize siku ya kubadilisha bandeji. Akamuuliza muforomo mwenyewe habari ya mayai, wakaongea kwa heshima muda mrefu, mimi nimenyamaza. Jioni ile alichemsha mayai mawili, akamenya moja kwa mkono wake, akampa. Maharage bado anayasitia, nami simsukumi.

Mama Sambaza, aksante sana. Juzi alifuta sufuria ya sombe kwa tonge, akauliza kama imebaki nyingine.

Ila leo ametuambia choo chake ni cheusi. Tunaogopa.

Muforomo_Bagira
Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, msishtuke. Kikiwa cha kunata kama lami na kunuka vibaya sana, au tumbo likimuuma, mrudisheni kituoni leo. Vidonge ameze na chungwa, asimeze na chai.

Mama_Sambaza
Jumamosi napata sambaza wabichi asubuhi mapema. Nakuwekea fungu lako.